Ninunue Bilauri za Kitu Gani? Jibu kwa Msomaji wa Mwanga, Kigoma

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Mwanga, Kigoma mjini. Nyumbani tuko watu saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, mdogo kabisa akiwa na miaka miwili, pamoja na mama mkwe ambaye mikono yake imeanza kutetemeka. Bilauri zetu ni za plastiki. Zimegeuka rangi ya machungwa kwa mawese, na nyingine zinanuka dagaa hata baada ya kuoshwa. Jirani ananiambia plastiki yote inaleta saratani na kwamba kioo ndicho salama. Nilinunua bilauri sita za kioo, nikachagua nene kusudi zidumu, na nne zimepasuka kwa chai ya moto ndani ya mwezi mmoja. Mama mkwe ana kikombe chake cha alumini alichokuja nacho kutoka Kasulu na hakiachi. Humo hunywea chai na juisi ya ukwaju. Mume wangu naye ameleta bilauri mbili za shaba, anasema maji yakikaa humo hayana haja ya kuchemshwa. Nina fedha ya seti moja tu. Ninunue ya kitu gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake yamo matatu, na ndiyo maana washauri wako wanaonekana kusema kweli wote na bado wanapingana. Jirani anaogopa kinachotoka kwenye chombo na kuingia kwenye kinywaji. Mume wako anawaza vijidudu vilivyomo ndani ya maji kabla hayajafika kwenye chombo. Wewe mwenyewe, uliyekwisha kufagia vipande vya bilauri nne, unataka kujua ni chombo gani kitastahimili moto na mikono ya nyumba yako. Hakuna kitu kimoja kinachoshinda katika yote matatu, kwa hiyo nakwambia mapema: usinunue seti moja. Fedha hiyo hiyo igawe, na nitaeleza igawanyike vipi na kwa sababu gani.

Nianze na zile nne zilizopasuka, kwa kuwa ulifanya kosa ambalo karibu kila mnunuzi hulifanya, la kudhani kwamba unene ni nguvu. Unene husaidia chombo kikigongwa, lakini kikimiminiwa kitu cha moto huo unene hugeuka udhaifu. Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga wa silika, ambao ni takriban asilimia 70 ya uzito wake, pamoja na magadi na chokaa, na kioo cha namna hiyo hupitisha joto polepole. Ukimimina chai, uso wa ndani hupata moto papo hapo na kutaka kutanuka, ilhali uso wa nje bado ni wa baridi na haujasogea. Matokeo yake upande wa nje unavutwa, na kioo huvumilia sana kubanwa lakini hakivumilii kuvutwa. Huachia pale penye mkwaruzo mdogo ambao jicho halikuuona. Katika bilauri nyembamba joto huvuka haraka hadi upande wa pili na mvutano huisha. Katika bilauri nene, hasa kwenye kitako, tofauti ya joto hudumu muda wa kutosha kuipasua, na bila shaka zako zilikatika chini, kitako kikabaki mezani kama sahani ndogo.

Wauza chai wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Kuna mmoja niliyekuwa nikikaa kwake karibu na stesheni ya Kigoma, ambaye hakuwahi kumimina chai kabla ya kutumbukiza kijiko ndani ya glasi. Alimimina kwanza kiasi cha vidole viwili juu ya kijiko, akaizungusha glasi kwa mkono mmoja huku wa pili ukipokea hela, kisha ndipo akaijaza. Kijiko kilimeza joto la mmiminiko wa kwanza, na ile chai kidogo ikapasha kioo taratibu. Glasi zake zilikuwa nyembamba, za bei ndogo, na zilizochakaa kwa kuoshwa, lakini sikuona hata moja ikipasuka kwa moto. Nawe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa zile mbili zilizobaki, na usiziweke zikiwa za moto juu ya sakafu au meza iliyolowa, kwa kuwa mpasuko ule ule hutokea pia kwa kupozwa ghafla.

Ukitaka kuongeza za kioo, tafuta kioo kilichoimarishwa, yaani kile ambacho kiwandani hupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla, ili uso wake wa nje ubaki umebanwa daima. Glasi za Duralex za Ufaransa, ambazo wengi wetu tulizikuta kwa bibi zetu, ni za aina hiyo. Zikivunjika hutawanyika kwa vipande vidogo visivyo na makali marefu, na hilo ni jambo kubwa katika nyumba yenye mtoto anayetambaa na kukimbia. Kipo pia kioo chenye boroni, ambacho hutanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida kinapopata moto. Hicho ni kizuri kwa chai, ila ni chepesi na huvunjika kikianguka.

Jirani yako yuko sahihi kwamba kioo kitupu hakitoi kitu cha maana kwenye kinywaji, hata kiwe cha ndimu. Lakini kioo chenye mapambo ni habari nyingine. Rangi zinazopakwa juu ya bilauri, hasa nyekundu na manjano inayong'aa, zinaweza kuwa na kadimi au risasi, ambazo ni metali zenye sumu, na mwaka 2010 kampuni ya McDonald's nchini Marekani ililazimika kuwaomba wateja warudishe takriban bilauri milioni 12 za kioo zilizokuwa na picha za katuni kwa sababu ya kadimi iliyomo katika rangi zake. Kwa hiyo chagua bilauri isiyo na picha, au ambayo picha yake inaanzia angalau sentimita 2 chini ya ukingo, mahali ambapo midomo haifiki. Na zile bilauri nzito za kabatini, zinazometameta na kulia kama kengele ukizigonga kwa kucha, huenda ni za kioo cha risasi. Mgeni akinywea maji na kuirudisha hakuna neno, ila usiache juisi ilale humo.

Sasa plastiki. Kusema kwamba plastiki yote inaleta saratani ni kama kusema samaki wote wana miiba ya mgebuka. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli, na minyororo yenyewe ni mirefu mno kutoka na kuingia kwenye maji. Kinachoweza kutoka ni vitu vidogo vilivyosalia kiwandani au vilivyoongezwa ili kulainisha, kutia rangi au kuzuia kuchakaa, na hivyo hutoka zaidi kwa joto, kwa mafuta, kwa uchachu na kwa kukaa muda mrefu. Geuza bilauri yako uangalie kitako: mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na kwa hiyo haitikiswi na chai. Ndiyo plastiki ninayoiruhusu nyumbani kwangu. Namba 6 ni polistirini, ile inayoonekana kama kioo, nyepesi, inayolia kwa sauti ya ukavu ukiigonga na kupasuka kwa nyufa ndefu. Hiyo ni ya maji baridi tu, maana stairini inayoitengeneza iliwekwa mwaka 2018 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Namba 7 huchanganya mengi, ikiwemo polikabonati yenye kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na hatimaye, Desemba 2024, kwenye vyombo vya chakula kwa jumla. Bilauri isiyo na namba yoyote, nzito kwa rangi na yenye harufu ya mafuta ya taa tangu dukani, iache hapo hapo. Na kopo la rangi au la dawa ya mifugo lililokatwa likawa kikombe halina utetezi, hata lioshwe mara ngapi.

Yale madoa ya mawese yanakwambia jambo ambalo hujaliuliza. Rangi ya mawese ni ya karotini, ambazo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na polipropilini yenyewe ina tabia ya kupenda mafuta. Mafuta yanapogusa plastiki, hasa ikiwa ya uvuguvugu, rangi huingia ndani ya uso wake, na hakuna sabuni itakayoifuata huko. Harufu ya dagaa hufuata njia hiyo hiyo. Doa lenyewe halina madhara, kwa kuwa karotini ndizo tunazozitaka mwilini. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba bilauri imefikaje kuguswa na mawese kama hainywewi mchuzi? Nadhani inaoshwa katika beseni moja na sahani, baada ya sahani. Osha bilauri kwanza, maji yakiwa mapya, kisha vijiko, kisha sahani, na sufuria mwisho. Mpangilio huo tu utakuokolea bilauri mpya. Kisha chukua moja ya zile za zamani uielekeze kwenye mwanga wa dirisha na uitazame ndani kwa mshazari. Ukiona mikwaruzo mingi iliyosukana kama utando wa buibui, mikwaruzo iliyoletwa na mchanga au steelwire, bilauri hiyo imemaliza kazi yake, kwa sababu ndani ya mifereji hiyo hujificha uchafu na vijidudu ambavyo sponji haivifikii. Igeuze iwe ya kushikia mswaki.

Kikombe cha mama mkwe nakuomba usimnyang'anye. Alumini hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na kwa maji au chai ngozi hiyo hukaa imara. Ukwaju na ndimu ndizo zinazoiyeyusha. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2008 kiwango cha juu cha miligramu 1 ya alumini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na mtu mwenye figo nzima huitoa sehemu kubwa ya ile kidogo inayoingia kwenye damu. Mwenye figo dhaifu ndiye anayepaswa kujihadhari hasa. Hivyo mama aendelee na chai yake humo, na ukwaju uhamie kwenye bilauri ya kioo. Msimsugulie kikombe kwa majivu mpaka king'ae kama kioo cha kujitazamia. Ule weusi wa ndani ndio ngao yake. Kitu kimoja kikague: je, ni kikombe chembamba kilicholainika sawasawa, kilichotokana na bati la kiwandani, au ni kizito chenye vinyweleo na alama za mchanga, kilichomiminwa na mafundi kutoka vyuma chakavu? Cha pili kinaweza kuwa kimechanganyika na risasi, kwa kuwa kwenye tanuri la vyuma chakavu huingia vipuri vya kila namna, na hicho ningekistaafisha kwa heshima zote ili mama awekee humo kalamu zake au maua.

Chuma cha pua, hiki ambacho sokoni tunakiita stili, ndicho ninachotaka kibebe sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba yako. Kilianza kutengenezwa mwaka 1913 mjini Sheffield, Uingereza, na siri yake ni kromiamu: utando wake wa oksidi ni mwembamba kuliko unavyoweza kuwaza, na ukikwaruzwa hujitibu wenyewe kwa hewa. Stili ya vyombo huandikwa mara nyingi 18/8, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Muuzaji atakushikia sumaku na kukuonyesha kwamba hainasi, "kwa hiyo ni orijino." Usimwamini kwa hilo pekee. Stili ya 18/8 kweli hainasi, au hunasa kidogo tu ukingoni ilipokunjwa, lakini ipo stili ya bei rahisi yenye manganizi ambayo nayo hainasi na hushika kutu upesi zaidi, na ipo stili nzuri kabisa isiyo na nikeli ambayo hunasa. Tazama badala yake ukingo: uwe umekunjwa nje na kulainishwa, usiwe na mshono ndani, na kitako kisiwe na doa la kutu. Adui wa stili ni chumvi na klorini, kwa hiyo usiilowekee usiku kucha kwenye maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe.

Ila stili ina dhambi moja, nayo inamhusu mtoto wako wa miaka miwili. Stili ya ukuta mmoja hupitisha joto mara kumi na zaidi kuliko kioo, na alumini huizidi stili zaidi ya mara kumi. Uji ambao mtu mzima anauona wa kawaida huunguza midomo ya mtoto kupitia ukingo wa bilauri kabla hata haujamfikia mdomoni. Kwa uji na chai nunua ile ya kuta mbili yenye uwazi katikati, au mpe mtoto plastiki namba 5 na umpoozee. Zile za kuta mbili zilizozibwa kitakoni kwa kifuniko kidogo cha duara ziangalie. Kifuniko hicho kikibanduka, acha kuitumia, maana nyingine huzibwa kwa lehemu ya risasi hapo chini.

Tukija kwenye shaba, mume wako amesikia kitu cha kweli akakivuta kupita mwisho wake. Shaba huua bakteria wengi, lakini kwa saa nyingi na si kwa dakika za kumimina na kunywa, na haiaminiki dhidi ya kila kilichomo katika maji ya ziwa au ya kisima. Mkoa wetu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kiliwashambulia watu waliojazana katika kijiji cha Kagunga wakikimbia Burundi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulaza maji kwenye chombo hadi kesho. Maji yachemshwe. Na asiwatie shaka mtu anayesema kwamba hapa kwetu maji huchemka kabla ya nyuzi 100: ni kweli, kwa kuwa ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na nyuzi hizo zinatosha kabisa.

Kuna pia tatizo la lugha yetu wenyewe, ambayo huita shaba vitu viwili. Nyekundu ni shaba tupu; ya manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki, na mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Ya manjano isiwe ya kunywea. Ya nyekundu itumike kwa maji tu. Mkitaka kuliona kwa macho, kateni ndimu mkasugue nje ya bilauri iliyofifia: itang'aa palepale, na kile kilichoifanya ing'ae ni kwamba tabaka la juu limeondoka na sasa liko kwenye ndimu. Ndivyo ambavyo juisi ya ukwaju, togwa, maziwa mgando au maji ya asali yatakavyofanya upande wa ndani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, na kinywaji kichachu kilicholala kwenye shaba kinaweza kuvuka hapo na kuleta kichefuchefu, kutapika na tumbo kusokota.

Melamini, zile bilauri na sahani za maua zinazofanana na udongo wa kaure lakini haziumii zikianguka, ni nzuri kwa maji na juisi ya baridi, ila si kwa kitu kinachozidi nyuzi 70. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, ni salama mpaka inapobanduka ndani. Kikombe kikibanduka ndani, kiwe cha kupimia unga.

Kwa hiyo, kama nyumba ingekuwa yangu, ningenunua bilauri nne za stili ya kawaida kwa maji ya watoto na mume, mbili za kuta mbili kwa chai, moja kati yake ikiwa na mkono na kitako kipana kwa ajili ya mama, bilauri mbili au tatu za kioo kilichoimarishwa kwa juisi za uchachu, na moja ya polipropilini kwa yule mdogo. Zikibaki shilingi chache, zisiende kwenye bilauri nyingine. Nunua ndoo yenye koki. Naandika hivi kwa sababu nimeingia nyumba nyingi zinazobishana kuhusu plastiki na kioo huku kila anayetaka maji akizamisha bilauri yake kwenye ndoo, vidole vikiwa ndani hadi kifundo cha kwanza, kisha akaitundika tena juu ya kifuniko chenye nzi. Bilauri zikishaoshwa zipangwe kifudifudi juu ya chanja na zikauke kwa hewa, zisifutwe kwa kitambaa kile kile kilichofuta meza.

Mengine hayamalizwi kwa maandishi. Mtoto akimeza kipande cha kioo, au akitoa damu mdomoni baada ya bilauri kuvunjika, usimlishe ugali mkavu au ndizi ili "kukisukuma". Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mtu akitapika muda mfupi baada ya kunywa kutoka chombo cha chuma, mwaga kinywaji, na akiendelea kutapika nenda naye ukiwa umebeba chombo chenyewe. Ukishuku kikombe fulani kina risasi, usitegemee vipimo vya kienyeji. Zungumza na afisa afya wa kata yako, naye atakuelekeza namna ya kuifikia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama kilinunuliwa dukani kikiwa kipya, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nao wapewe taarifa. Na mama mkwe, mdogo wangu, kikombe chenye mkono kitamsaidia asijimwagie chai, lakini hakielezi kwa nini mikono imeanza kutetemeka. Inaweza kuwa dawa anazotumia, tezi ya shingo, au ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kila mojawapo ina matibabu yake. Mpeleke hospitali ya Maweni akaonwe na daktari, na mbebe dawa zake zote, pamoja na za mitishamba kama zipo.